Tukutane uwanjani: maswali yenu kuhusu kujumlisha kwa kucheza

Assalamu alaykum wasomaji wetu. Barua za mara hii karibu zote zimekuja na jambo moja, watoto wa skuli za msingi na hesabu za kujumlisha, na hasa ile michezo ya nje ya kukimbia na kuruka ambayo mtoto anacheza huku anajumlisha. Nimefurahi mno mana jambo hili linanikaa moyoni, basi nimezipa nafasi zote, zile ndefu nimezikata kidogo lakini maneno ni yenu wenyewe.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi nasomesha darasa la 2 huku Micheweni, Pemba. Watoto wapo wengi sana darasani na kila hesabu ni vidole, 8 na 5 anaanza moja mpaka afike 13, vidole vikimwishia anahamia vya miguu au anachora vijiti ukurasa mzima wa daftari. Nikaambiwa niwatoe nje wacheze hesabu, nikawatoa, nikaandika hesabu kwenye ubao nikauegemeza mtini timu zikawa zinakimbilia kujibu, lakini nnaona ni wale wale wanne watano wanaojibu, waliobaki wanakimbia tu. Nicheze nao nini hasa? (Mwalimu wa kike, Micheweni)

JAWABU: Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole na wingi wa watoto. Nusu ya jawabu umeshaitoa wewe, hao wanne watano. Mbio za kukimbilia ubao hazimfundishi mtoto kujumlisha, zinatuonesha tu nani alikuwa keshajua, na yule asojua anaambulia jasho na aibu mbele ya wenzake. Mimi mchezo wowote wa hesabu naupima hivi: hesabu nikiiondoa, mchezo utachezeka? Ukichezeka vile vile basi hiyo ni riadha, nzuri kwa mwili, lakini usiiandike kwenye andalio la somo kuwa ni hesabu. Mchezo unaoutaka wewe ni ule ambao mtoto hawezi kupiga hatua bila ya kufikiri namba.

Na kabla hujatoka nje ujue unataka mtoto aache nini na ashike nini badala yake. Huyo wa 8 na 5 unataka aone kuwa 8 imepungukiwa na 2 kufika 10, azichukue kwenye ile 5, zibaki 3, basi 13. Hilo hawezi kulifanya mpaka ajue jozi za kumi bila ya kusita, 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Ndo mana mimi huanza na kumi, na hukaa hapo hapo muda mrefu kuliko wengi wanavyotaka, mana hapa pakiteleza huko mbele kote ni vidole tu.

Chukua nage, Pemba nzima mtoto gani asoijua. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, waliobaki wako kati wanakwepa. Sasa kila alo kati mvalishe namba kifuani, kipande cha karatasi na pini, kuanzia 1 mpaka 9, namba moja inaweza kuvaliwa na watoto wawili au watatu ila kila mwenye 3 awepo na mwenye 7, kila mwenye 8 awepo na mwenye 2, na zile 5 ziwe mbili mbili. Anayepigwa mpira anatoka nje, na harudi mpaka atoke mwenzake ambaye wakijumlishwa wanakuwa 10. Mwenye 3 anamngojea 7, wakipatana wanashikana mikono wanasema kwa sauti "tatu na saba kumi" wanarudi kati pamoja. Utawasikia wenyewe walio nje wanawapigia kelele wenye mpira, mpigeni 8, mpigeni 8, mana kuna 2 kakaa nje muda mrefu anataka kurudi. Hapo mtoto hajaulizwa swali na mtu, anaitafuta mwenyewe ile namba inayompungukia kwa sababu ana haja nayo. Kila baada ya muda kidogo wabadilishane namba, ukimwacha mtoto na 3 wiki nzima ataijua 7 peke yake.

Siku ambayo mpira hamna, tumia pakacha. Waweke mbali hatua kama sita, kila mmoja ana vipande 10 vya makumbi au vijiwe anarusha vyote, vyengine vinaingia vyengine vinaanguka nje. Mwenzake kageuka kampa mgongo, haoni, anaambiwa tu "ndani 6" na yeye aseme nje vipo vingapi kabla hajageuka kuviangalia. Akigeuka anajiona kapatia au kakosa, wala mwalimu hukuhitajika. Naupenda mchezo huu kwa sababu ile kumi haipotei, ipo pale chini mbele ya macho yake, imegawika tu mafungu mawili.

Wakishaizoea kumi ndo uwapeleke bandarini. Chora chini kwa kijiti vyumba 20 vimefuatana mstari mmoja, kila chumba kinatosha miguu miwili, na chumba cha 10 kifanye kikubwa zaidi ya vyenzake ndo bandari yenyewe. Sheria moja tu, hakuna boti inayoipita bandari bila ya kufunga gati. Mtoto kasimama 8, kachomoa karatasi ya 5. Kabla hajanyanyua mguu aseme safari yake, "mbili naingia bandarini, zimebaki tatu, natua 13", halafu aruke, mruko mmoja mpaka 10 na mmoja mpaka 13, miwili basi. Akirukaruka kimoja kimoja mrudishe taratibu aanze tena, mana kurukaruka kimoja kimoja ni vile vidole vimehamia kwenye miguu. Kisha mpe 9 na 4, 7 na 6, 8 na 7. Siku nyengine mwache achomoe karatasi mbili na achague mwenyewe pa kusimama, tuseme kapata 3 na 8, anayejua ataanzia 8, na asojua ataanzia 3 halafu atamuona mwenzake kafika kwa safari fupi, hapo usiseme kitu, subiri aseme yeye.

Kuhusu wingi wao, usiwatoe wote wakacheze kwa pamoja utapoteza sauti na somo. Wagawe makundi matatu na wote watoke, kundi moja linacheza, la pili ni waamuzi, hawa wanasimama pembeni ya vyumba na kila safari ikitajwa wao wanakubali au wanapinga kabla ya mruko, na la tatu linakaa kivulini na daftari linaandika kila hesabu iliyochezwa, 8 + 5 = 8 + 2 + 3 = 13. Baada ya dakika kumi na kitu wanabadilishana. Mwamuzi anafanya hesabu nyingi kuliko mchezaji, mana mchezaji anangojea zamu na mwamuzi hana zamu. Na tafadhali kabla ya yote watoto waokote chupa na miba uwanjani, na msichezee chini ya minazi, mnajua nyote nazi ikidondoka inavyofanya.

La vidole sasa. Usiwapige wala usiwakemee kwa vidole. Mkono una 5 na hilo ni jambo kubwa, mtoto anayeona 7 kuwa ni mkono mmoja na viwili juu, na 6 kuwa ni mkono mmoja na kimoja, akiambiwa 7 na 6 anaiweka mikono miwili pamoja ikawa 10, anabakiwa na 2 na 1, basi 13. Hivyo ni vidole pia lakini havikuanza moja. Tunachokiondoa ni kule kuanza moja kila mara, mkono wenyewe mwachie.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la 3 mkondo wa mchana, skuli moja hapa mjini. Kila nikimuuliza hesabu mmesoma nini leo ananambia tulicheza. Sare inarudi vumbi tupu. Sisi tulikaririshwa na tukajua, haya ya kuruka ruka si kupoteza wakati wa watoto? (Baba mtu, Mwanakwerekwe)

JAWABU: Hofu yako naielewa baba, na wala sitokwambia kuwa kila mchezo una faida, upo mchezo ambao watoto wanatoka nje na wanarudi na hakuna alichokipata mtu. Lakini hebu tuhesabu pamoja hicho mlichokaririshwa. Chukua namba 0 mpaka 9, kila moja ijumlishe na kila moja, unapata hesabu 100. Mtoto wa kukariri anazibeba zote 100. Sasa mwenzake anayejua kuwa 3 na 8 ni sawa na 8 na 3 zimeshampungukia mpaka 55. Humo kuna 10 za kujumlisha na sifuri ambazo namba haibadiliki, na 9 za kujumlisha na moja ambazo ni namba inayofuata tu, zikatoe. Toa na za mapacha, 2 na 2 mpaka 9 na 9, hizo ni 8. Toa na za jirani wa mapacha kama 6 na 7, zipo 7, mana ukijua 6 na 6 ni 12 basi jirani yake ni 13. Jozi za kumi zilizobaki ni 3. Na za tisa zilizobaki ni 6, ambazo unajumlisha kumi halafu unatoa moja. Ukishazitoa zote hizo zinabaki hesabu 12 tu, na hata hizo 12 nusu yake zinapitia bandarini, 8 na 5 ni mbili na tatu.

Kwa hivyo watoto hawa nao wanakariri baba, ila wanakariri kidogo na mengine wanayapata kwa njia. Na faida yake utaiona akisahau. Wa kukariri akisahau 8 na 7 imepotea, hana pa kuitafutia, anarudi moja. Mwenye njia akisahau anajenga upya, 7 na 7 ni 14 ongeza moja, au 8 na 2 ni kumi, halafu ongeza tano juu yake.

Unachoweza kufanya wewe, akikwambia tulicheza usiishie hapo. Muulize mlicheza vipi, nichezeshe na mimi, ulipofika 8 ulirukaje. Akikueleza kwa mdomo wake alivyofikiri, mtoto kasoma siku hiyo hata kama daftari lina mistari miwili. Siku tatu nne zikipita anajua nani kashinda tu na hesabu hana habari nayo, hapo nenda kamuone mwalimu wake kwa upole mkazungumze, ni haki yako. Na kuandika lazima kuwepo, mchezo peke yake hautoshi, hesabu iliyochezwa uwanjani irudi kwenye daftari siku hiyo hiyo. Vumbi la sare lisikuumize roho, linafulika.

SWALI: Binti yangu kutwa kamba, anaruka mpaka kwenda chuoni kusoma Kurani anaruka njia nzima, lakini ukimwambia hesabu analia. Yuko darasa la 2. (Mama, Makunduchi)

JAWABU: Shoga yangu una hazina hapo kibarazani kwako. Waite waruke wawili kwenye kamba moja, kila kamba ikipita chini miguu ya watu wawili imeruka kwa hivyo mruko mmoja ni mbili. Kamba ikipita mara 6 waulize jumla imeruka miruko mingapi, yeye 6 na mwenzake 6, 12. Wape wiki nzima ya mapacha hayo mpaka waseme kabla kamba haijasimama. Halafu wiki ya pili uwape kazi mpya, wakishamaliza 6 mwenzake anatoka na yeye anaongeza mruko mmoja peke yake, sasa ni 6 na 7, 13. Ataona kwa miguu yake kuwa 13 ni ile 12 na ule mruko wake wa mwisho. Jirani wa mapacha ndo hao, na watoto wengi wanasumbuka nao darasani kwa sababu wanaandikiwa ubaoni 6 + 7 imekaa peke yake kama haina ndugu. Usimwambie kuwa hiyo ni hesabu mwanzoni, mwache acheze, akishakuwa anasema majibu mwenyewe ndo umwambie umeona, hiyo ndo uliyokuwa ukiililia.

SWALI: Darasa la 4 tufanye nini? Hiyo michezo ya kumi wanaiona ya kitoto. Hesabu zetu ni za makumi, 38 na 27, wanazipanga wima na kubeba, lakini anayekosea kubeba anakwambia 515 na wala hashtuki. Skuli yetu ipo karibu na pwani. (Mwalimu, Jambiani)

JAWABU: Ah, hapo pwani ndo darasa lenyewe mwalimu. Na umelisema jambo kubwa, kuwa hashtuki. Mtoto aliyeandika 515 kajumlisha 8 na 7 akapata 15, kajumlisha 3 na 2 akapata 5, kaziweka ubavuni mwa mwenzake, kila kitu kiko sawa isipokuwa hajui kuwa ile 3 ni 30. Kwake yeye ni tarakimu mbili zimesimama wima, hazina ukubwa wowote.

Maji yakishatoka na mchanga umebaki mgumu, chora boksi kubwa la mita 5 kwa 5, ligawe vyumba 100, kumi kwa kumi, kila chumba nusu mita. Wazee wanaolima mwani hawakosi kamba za zamani na vigingi, ziazimeni mzivute ziwe ndo mistari, mtamaliza mapema na itakuwa imenyooka, na kule kupima nusu mita mara kumi nako ni somo msilipite. Watoto waandike namba wenyewe, safu ya juu 1 mpaka 10, ya chini yake 11 mpaka 20, mpaka 100. Hakikisheni tu mnajua maji yanarudi saa ngapi, mana kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, wiki ijayo saa ile ile uwanja wenu uko chini ya bahari.

Hapo sasa kujumlisha 10 ni hatua moja kushuka. Wacha walione hilo wenyewe, msimamishe mmoja 23 mwambie aende kumi mbele, wa kwanza atahesabu vyumba kumi anazunguka mpaka safu ya pili, anatua 33, chini ya pale alipokuwa. Mara mbili tatu hivyo na kuna mtoto atasema mwalimu si unashuka tu! Mwachie yeye awe ndo aliyeigundua. Kisha 9, unashuka moja unarudi moja nyuma, 46 na 9, shuka 56 rudi 55. Na 19 unashuka mbili unarudi moja, 65. Na 11 unashuka moja unasogea moja mbele. Muweke mmoja 41 umwambie ajumlishe 9, atashuka 51 halafu akitaka kurudi nyuma chumba kimekwisha, wote watabishana hapo, ni mabishano mazuri yaacheni, mpaka waone kuwa nyuma ya 51 ni 50 ambayo iko mwisho wa safu ya juu, upande wa pili kabisa.

Ile 38 na 27 sasa anasimama 38, anashuka 48, 58, hizo 20 zimekwisha, zimebaki 7, mbili zinamfikisha 60 na tano zinamfikisha 65. Yuko mwengine atashuka tatu moja kwa moja mpaka 68 halafu arudi nyuma tatu, 65 ile ile. Wachezeni timu mbili, kila timu inachagua njia na inataja idadi ya hatua zake kabla ya kutembea, inayofika kwa hatua chache ndo inapata pointi, siyo inayofika mwanzo. Huyu ameshuka mbili akasogea saba, hatua tisa, na yule kashuka tatu akarudi tatu, hatua sita. Hapa watoto wa darasa la 4 hawatosema mchezo wa kitoto, n'na hakika, mana hata mtu mzima anakuna kichwa. Na yule wa 515 muulize tu, ungesimama wapi hapa pwani? Hicho chumba hakipo. Mkirudi darasani kupanga wima na kubeba endeleeni nako kama kawaida, ila kila mmoja akisie kwanza jibu litakaa safu ya ngapi kabla ya kuandika.

SWALI: Mtoto wangu anatembea kwa gongo. Wenzake wakitolewa nje kucheza hesabu yeye anakaa pembeni anawashikia viatu. Hasemi kitu lakini mimi mama yake naona. Nifanye nini? (Mama, Kengeja)

JAWABU: Mama yangu, barua yako nimeisoma nikaiweka nikaisoma tena. Mtoto huyo ana haki ya lile somo kama aliyonayo mwenye miguu yote miwili, mana linapochezwa uwanjani basi uwanjani ndo darasani, na anayeshika viatu katolewa nje ya darasa. Zanzibar tunasema elimu mjumuisho, na walimu wengi wanaitaka kwa moyo ila hawajui waanzie wapi, basi nenda kamuone mwalimu na umpelekee haya mkononi.

Kwenye nage awe mmoja wa warushaji, apewe kiti, na yeye ndo anayeamua ampige nani, ni kazi ya kufikiri zaidi kuliko kukwepa mana walio nje wanampigia kelele wakitaka namba zao. Pakacha anarusha kama mwengine yeyote, hatua sita hizo mkono wake unazifika. Kwenye vyumba vya bandari asiruke, akisukume kifuu kwa gongo lake mpaka 10 halafu mpaka pale panapotakiwa, na aseme safari yake kwanza vile vile, na ikiwezekana timu zote zisukume vifuu siku hiyo ili asiwe peke yake. Kuwa mwamuzi na mwandishi nako apate zamu, lakini zamu kama ya wenzake, asifanywe mwandishi wa kudumu.

Na nawaambia na walimu wengine hapa hapa, yupo na asoona vizuri, huyo mdondoshee vijiwe kwenye bati, asikie 6, kimya, kisha aseme vingapi vimebaki kufika 10, darasa zima lifumbe macho mcheze naye. Yupo asosikia, huyo namba zioneshwe kwa karatasi zisipigiwe kelele. Na yupo asoweza kukimbia haraka bila ya ulemavu wowote, mnene au mgonjwa au mwoga tu, ndo mana naomba sana pointi zitolewe kwa njia nzuri na si kwa mbio, mtoto akiwa na hofu ya kufika mwisho njia zote alizojifunza zinamtoka anarudi kwenye moja mbili tatu.

SWALI: Ramadhani na michezo ya kukimbia vipi? Na masika je? (Mwalimu, Ole)

JAWABU: Ramadhani usiwakimbize, hata wale wadogo ambao hawafungi mana wanawatazama wenzao. Kaeni kivulini na mdako. Shimo dogo, vijiwe 10 ndani yake na kimoja cha kurusha, anakirusha juu anachota vya shimoni, vilivyotoka vingapi na vilivyobaki vingapi, aseme jozi ya kumi kabla ya kukidaka kile cha juu. Mikono na macho vinafanya kazi na koo halikauki. Masika barazani hapo hapo, au bao. Watazameni wazee wanaocheza bao, kete zipo 64 na mashimo 32, na mchezaji mzuri anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi hata hajaanza kusambaza, hahesabu moja moja. Mtoto apewe nafasi ya kukaa karibu nao na kukisia.

SWALI: Mimi nipo darasa la 5 Wete. Nataka mchezo wa kucheza na wenzangu jioni tukitoka chuoni, wa hesabu lakini wa kukimbia, bila mwalimu. (Mwanafunzi)

JAWABU: Mwanangu hongera kwa kuandika. Kusanyeni visoda, ombeni dukani, 30 hivi. Viandikeni ndani kwa kalamu ya wino mzito bei za sikukuu, 50, 100, 150, 200, 250 mpaka 800, bei nyengine ziandikeni mara mbili au tatu. Vitawanyeni uwanjani vimefunikwa chini. Timu mbili, kila timu ina nyumba yake, na wanakimbia mmoja mmoja kwa zamu, anayekimbia anarudi na kisoda kimoja tu. Mnataka visoda vitatu ambavyo jumla yake ni 1,000 kamili, isizidi wala isipungue. Ukishakuwa na vitatu na havifiki hapo, anayekimbia anakwenda na kimoja anakirudisha anachukua chengine, na timu nzima iamue kwanza kirudi kipi na kinatafutwa kipi.

Mfano mna 450 na 250. Usizipange wima, chukua 50 kwenye ile 250 umpe 450 iwe 500, zimebaki 200, jumla 700. Basi mnatafuta 300, mana 7 na 3 ni 10 na 700 na 300 ni 1,000, ile ile ya darasa la 2 imevaa sifuri mbili. Kisoda ulichokifunua ukakiacha kikumbukeni kilipo. Na timu ikisema imemaliza, timu nyengine ndo inayokagua, wajumlishe kuanzia kisoda cha mwisho kuja cha mwanzo, jibu lazima liwe lile lile, likitofautiana visoda vyote vitatu vinarudi uwanjani na mchezo unaendelea.